Zamu na Lita: Maji ya Meru katika Bonde la Pangani

Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,560, na mvua zake haziuangukii sawasawa. Pepo za Bahari ya Hindi huugonga upande wa kusini na mashariki na kuacha huko sehemu kubwa ya unyevu. Kaskazini na magharibi hubaki nyasi fupi, migunga na vumbi. Ndiyo maana karibu mito yote ya maana hushuka kusini: Burka, Ngarenaro, Naura, Themi, Kijenge, Nduruma, Malala, Tengeru, Usa na Maji ya Chai. Baadhi yake hukatiza katikati ya mji wa Arusha, na watu huivuka kila siku bila kuitazama. Mwisho wake ni mto Kikuletwa, ambao hupokea pia Kikafu, Weruweru na mingine itokayo Kilimanjaro, kisha huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Ruvu, utokao Ziwa Jipe kwenye mpaka wa Kenya, huingia humo pia. Chini ya bwawa hilo mto huitwa Pangani, na hupita kando ya milima ya Pare na Usambara hadi baharini kwenye mji wa jina hilohilo. Bonde zima lina takriban kilomita za mraba 43,000, na karibu asilimia 5 ya eneo hilo iko Kenya.

Vitabu vingi huanza historia ya upangaji wa maji ya bonde hili na mitambo ya umeme ya miaka ya 1930. Huko ni kuanzia mwisho wa mto. Maji ya Meru yalikuwa yamekwisha kugawanywa muda mrefu kabla ya hapo, tena kwa kipimo kingine kabisa: yaligawanywa kwa zamu, si kwa lita. Ugomvi mwingi wa karne iliyofuata ulitokana na vipimo hivyo viwili kukutana katika mfereji mmoja.

Mlima wenyewe ndio ghala la kwanza. Meru ni volkano, na majivu na mawe yake yenye vitundu hunywa mvua ya masika na kuiachilia polepole kwa njia ya chemchemi miezi mingi baadaye. Msitu ulio juu ya mashamba huzuia maji yasikimbie yote kwa siku moja. Ghala hili halihitaji ukuta, na kwenye mteremko huo ukuta mkubwa usingefaa, kwa kuwa mabonde ni membamba, makali, na udongo wake huvuja. Hata hivyo lina kasoro moja. Miamba hiyo ina madini ya floraidi, na maji yanayokaa nayo kwa muda mrefu huyabeba. Maji ya Chai na Ngare Nanyuki yanajulikana kwa hilo, na meno ya rangi ya kahawia ya watu waliokulia huko ni ushahidi usiohitaji maabara. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu miligramu 8 vijijini, baadaye 4, kwa sababu kushikilia 1.5 kungekuwa sawa na kufunga vyanzo vya vijiji vizima. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hivyo kila mpango wa maji wa Meru una maswali mawili, wingi na madini, na mara nyingi chanzo chenye maji mengi kimekataliwa kwa sababu ya swali la pili.

Kilimo cha kumwagilia katika ukanda huu ni cha kale. Huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini magharibi mwa Meru, yapo magofu ya mifereji na mashamba yaliyogawanywa kwa mawe. Yalilimwa tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18, kisha yakaachwa. Wameru walifika kwenye miteremko ya kusini mashariki ya mlima yapata miaka 300 iliyopita. Waarusha walikuja baadaye, karibu na miaka ya 1830, wakitokea Arusha Chini, eneo la kusini mwa Kilimanjaro karibu na Kikuletwa, ambako tayari walikuwa wakilima kwa kumwagilia. Walishika upande wa kusini magharibi, wakabaki na lugha ya Kimaa na mfumo wa marika, lakini wakaishi kwa jembe, migomba na mahindi. Majirani zao Wachagga walikuwa na mifereji yao waliyoiita mifongo. Wapare walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe yaliyojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Ndiva ni ushahidi kwamba wazo la kuhifadhi maji kwa ajili ya mashamba halikuletwa na mhandisi yeyote kutoka ng'ambo.

Mfereji wa Meru ulikuwa kitu chepesi kwa macho na kizito kwa sheria. Banio lake lilijengwa kwa mawe, magogo, majani na udongo mahali ambapo mto ulikuwa juu kuliko shamba. Kutoka hapo mtaro ulifuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, wakati mwingine kwa kilomita kadhaa. Waliouchimba pamoja ndio waliokuwa na haki nao, na haki hiyo ilidumu kwa kazi. Asiyefika siku ya kuusafisha alitozwa faini au alirukwa zamu. Kwa Wameru, washili, yaani viongozi wa koo, walikuwa na sauti katika mambo ya ardhi na maji. Kwa Waarusha, mambo yalikwenda kwenye vikao vya wazee na viongozi wa marika. Zamu ilihesabiwa kwa sehemu ya siku: huyu tangu alfajiri hadi jua kali, yule hadi jioni, mwingine usiku. Mto ulipopungua, zamu haikubadilika. Kilichopungua ni maji ndani yake, na kila mtu alibeba sehemu yake ya ukame bila mjadala mrefu.

Banio la mawe na majani huvuja, na kuvuja huko kulikuwa na faida ambayo wataalamu wa baadaye walichelewa kuiona. Maji yaliyopenya yalikwenda kwa jirani wa chini. Mafuriko yakilibomoa banio, lilijengwa upya, na ujenzi huo ulikuwa nafasi ya kukumbushana nani ana haki gani. Haifai kuupamba mfumo huu kupita kiasi. Wanawake, waliochota maji na kulima, kwa kawaida hawakuwa na kauli katika kugawa zamu. Mgeni aliyehamia alisubiri sana, na aliye mkiani mwa mfereji alijua njaa mapema kuliko aliye kichwani. Lakini ulikuwa mpango, uliozingatia mto mzima kwa kadiri ya macho ya walioutumia.

Wajerumani waliingia kwa damu. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na majeshi ya Kapteni Johannes yakaja kulipiza kisasi kwa kuua watu, kuchoma nyumba na kuchukua mifugo. Mwaka 1900 lilijengwa boma, na mji wa Arusha ukaota kando yake. Katika miaka michache iliyofuata walifika walowezi, Makaburu kutoka Afrika Kusini na Wajerumani, wakapewa mashamba makubwa chini ya makazi ya wenyeji. Mashamba hayo yaliwazunguka Waarusha na Wameru kama mkanda. Juu walikutana na msitu uliotengwa na serikali, chini na ua wa mlowezi, na njia yao ya malisho ya tambarare ikakatwa. Idadi yao ilipoongezeka walibanwa katikati, na ardhi iliyobaki ikalimwa kwa bidii zaidi, maana yake kwa maji zaidi.

Hapo ndipo jiografia ya ugomvi ilipozaliwa. Mlowezi alikuwa na kahawa ya kumwagilia na ya kumenya, na mitambo ya kumenya kahawa hula maji mengi. Lakini mto ulimfikia baada ya kupita mabanio mengi ya wenyeji. Kwake kila mfereji wa juu ulikuwa wizi. Kwao yeye alikuwa mgeni aliyejenga mkiani na kudai kichwa. Waingereza, waliochukua nchi hii katika Vita Kuu ya Kwanza, walitunga sheria ya maji mwaka 1923, kisha nyingine mwaka 1948, na nyingine tena mwaka 1959. Sheria hizo zilitambua haki iliyoandikwa, yenye kiasi, mahali na jina la mwenye nayo. Mlowezi aliyeweza kujaza fomu alikuwa na hati. Mfereji wa ukoo, uliokuwa na umri mara mbili ya ule wa boma, ulibaki jambo la mila, linalovumiliwa zaidi kuliko kulindwa. Maofisa waliandika mara kwa mara kwamba mifereji ya wenyeji inapoteza maji na kumomonyoa udongo. Kwa sehemu walisema kweli. Hawakuandika kwa bidii ileile kuhusu sababu ya watu wengi kulundikana kwenye ardhi ndogo.

Mgogoro mkubwa kuliko yote uliitwa wa ardhi, lakini ulikuwa pia wa maji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza mipaka ya ardhi ya Arusha na Moshi ipangwe upya, ili walowezi wapate eneo lisilokatizwa kati ya Meru na Kilimanjaro. Novemba 1951 wakazi Wameru wapatao 3,000 wa Ngare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa, na ardhi ilikusudiwa ranchi za Wazungu. Kwenye upande huo wa kaskazini wa mlima, ulio mkavu, mto ndio unaoipa ardhi thamani, kwa hiyo aliyepoteza ukingo wake alipoteza shamba, malisho na kisima kwa pamoja. Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru hao, alikwenda New York mwaka 1952 kulieleza jambo hili mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Wameru hawakurudishiwa ardhi wakati huo, lakini kesi hiyo iliingia katika historia ya kudai uhuru wa Tanganyika.

Wakati wenyeji na walowezi wakivutana juu, mpango wa aina nyingine ulikuwa ukianza chini. Mwaka 1930 kampuni ya Kidenmaki ya A.P. Møller ilianzisha mashamba ya miwa Arusha Chini, ambayo leo ni TPC, na miwa ya tambarare hiyo yenye joto haiwezi kuishi bila maji ya mito. Katika muongo huohuo kilijengwa kituo kidogo cha umeme kwenye Kikuletwa, ambacho baadaye kiliachwa na sasa kimo mikononi mwa Chuo cha Ufundi Arusha kwa ajili ya mafunzo. Kituo kikubwa zaidi kiliwekwa kwenye maporomoko ya Pangani, karibu na pwani. Kikafuata cha Hale, chenye megawati 21, mwaka 1964.

Mitambo ya maporomoko ilikuwa na shida moja. Mto wa Pangani hupanda sana wakati wa masika na kunywea kiangazi, na mtambo hautaki mto wa namna hiyo. Suluhisho lilikuwa bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika katikati ya miaka ya 1960, mahali Kikuletwa na Ruvu vinapokutana. Likijaa huweza kushika takriban mita za ujazo bilioni 1.1, na miaka michache baadaye liliwekewa mtambo wake wa megawati 8. Kazi yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa kushika maji ya masika na kuyatoa kwa kipimo kwa ajili ya vituo vya chini. Kwa mara ya kwanza mvua ya Meru ilikuwa na ufunguo, na ufunguo huo ulikuwa mbali na Meru.

Bwawa lilifanya kazi nyingine ambayo halikupangiwa. Samaki waliongezeka kwa kasi, hasa perege, na wavuvi wakamiminika kutoka sehemu nyingi za nchi. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 mavuno yakashuka sana na hayajarudi kama yalivyokuwa. Chini ya bwawa, kinamasi cha Kirua kilichozoea kufurika kila mwaka kilianza kukauka, na pamoja nacho malisho, uvuvi na mashamba ya mafuriko. Waliokitegemea hawakuwa na hati ya mafuriko, kwa hiyo hakuna aliyewahesabu kama watumia maji. Huo ndio upungufu wa hesabu ya lita: huona maji yanayochukuliwa, lakini maji yanayokwenda yenyewe mahali pake huyaita ziada.

Baada ya uhuru, Sheria Na. 42 ya mwaka 1974 ilitangaza kwamba maji yote ni mali ya Jamhuri, na marekebisho ya mwaka 1981 yakaleta mfumo wa mabonde. Nchi iligawanywa katika mabonde 9, na Pangani ni mojawapo. Kwa karibu miaka kumi mgawanyo huo ulibaki karatasini. Wakati huo mashamba yaliendelea kuongezeka. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulionyesha jinsi hesabu nzuri inavyoweza kushindwa. Mpunga ulifanikiwa mno, na wakulima walio juu ya mabanio ya mradi, ambao hawakuwamo katika ramani, wakaanza nao kulima mpunga. Maji yakapungua ndani ya mradi wenyewe. Wahandisi waliwahesabu wakulima waliokuwapo, bila kukadiria wale ambao mafanikio yangewaleta.

Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi, ilifunguliwa mwaka 1991, na haikuwa kwa bahati tu kwamba ilifunguliwa wakati huo. Finland, Norway na Sweden zilikuwa zikigharamia kituo kipya cha Pangani chenye megawati 68, kilichoanza kazi katikati ya muongo huo. Ili kuzalisha kiasi hicho chote, kinahitaji karibu mita za ujazo 45 kwa sekunde, na mara nyingi mto hauna kiasi hicho. Wafadhili walitaka uhakika kwamba maji yatafika. Ofisi ikapewa jukumu la kuandikisha wanaochukua maji, kutoa hati, kukusanya ada na kuzuia mabanio mapya. Kwa mtazamo wa wakulima wa Arumeru, wilaya ya miteremko ya Meru, serikali ilikuwa imepanda mlima kudai maji ya TANESCO, shirika la umeme la taifa.

Kilichofuata kilitarajiwa. Sehemu kubwa ya mifereji haikuwa na hati, na wenyewe hawakuona kwa nini walipie kitu walichochimbiwa na babu zao. Ada ilitozwa kwa lita, lakini mfereji wa udongo hauna mita, na kiasi kilichoandikwa kwenye hati kilikuwa kilekile masika na kiangazi. Hati ya lita 50 kwa sekunde haina maana katika mto uliobaki na lita 30. Zamu ingelimaliza jambo hilo kwa asubuhi moja, ilhali hati ilizaa barua. Miradi ya kuboresha mifereji, mingine kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilijenga mabanio ya saruji yenye malango ya chuma. Yalipunguza kazi ya ukarabati, na hilo lilipokewa kwa furaha. Lakini banio la saruji halivuji. Wa juu waliweza sasa kuuchukua mto wote kiangazi bila kukusudia ubaya, kwa kufungua lango tu na kuliacha wazi.

Mto Nduruma unaonyesha vizuri zaidi kuliko sheria yoyote jinsi watu walivyojitafutia njia. Juu kuna Wameru na Waarusha wenye mifereji ya kale, migomba na kahawa. Katikati kuna mashamba makubwa yaliyokuwa ya walowezi, ambayo mengine tangu mwisho wa miaka ya 1980 yaligeuzwa kuwa ya maua na mboga za kuuzwa Ulaya. Chini, kwenye tambarare kavu, wapo wakulima wa mahindi na maharage waliofika baadaye. Shamba la maua lina kibali, fedha, visima na mwanasheria, lakini haliwezi kulinda banio lake usiku dhidi ya vijiji viwili. Kwa hiyo kamati za mto ziliundwa, na zamu zikarudi, safari hii kati ya mfereji na mfereji badala ya shamba na shamba. Mwenye shamba kubwa huketi kikaoni na wengine. Ofisi ya bonde ilizikuta kamati hizi zikifanya kazi, na busara yake ilikuwa kutozivunja.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilipanga vipaumbele upya: kwanza mahitaji ya binadamu, pili mazingira, kisha kilimo, umeme na viwanda. Sheria Na. 11 ya mwaka 2009 ikaitia nguvu sera hiyo, ikabadili jina la hati kuwa kibali, ikaimarisha Bodi ya Maji Bonde la Pangani na kutambua jumuiya za watumia maji. Katika muongo huo, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilishirikiana na ofisi ya bonde kutathmini ni maji kiasi gani yanapaswa kuachwa mtoni ili mto ubaki mto. Swali hilo lilikuwa na wadai wake pwani, ambako maji ya chumvi hupanda mdomoni mwa Pangani pale mto unapodhoofika. Mwaka 2013 Tanzania na Kenya zilitia saini hati ya makubaliano kuhusu Ziwa Chala, Ziwa Jipe na mto Umba. Jipe ndilo linalogusa Nyumba ya Mungu moja kwa moja, kwa kuwa mto Lumi huliingizia maji na matope kutoka upande wa Kenya, na linavyozidi kujaa matope na magugu ndivyo Ruvu unavyopungua.

Mdai mpya mwenye nguvu kuliko wote ni mji wenyewe. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu takriban watu 32,000 Arusha. Ya mwaka 2012 ilipata 416,442, na ya mwaka 2022 ikapata 617,631, bila vitongoji vya Arumeru ambavyo ni mji kwa kila hali isipokuwa jina. Mji ulitegemea chemchemi za miteremko ya kusini, visima na maji ya Nduruma. Kwa kipaumbele cha kwanza cha sera, mji ukihitaji chemchemi huipata, na mfereji uliokuwa chini yake hubaki na mchanga. Wakulima wamelalamika, wakati mwingine wakalipwa fidia ya mimea, lakini fidia ya zamu haina fomu.

Tangu mwaka 2015 umetekelezwa mradi mkubwa wa majisafi na majitaka wa Arusha, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unaotajwa kuwa wa shilingi bilioni 520. Lengo lake lilikuwa kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inatoka kwenye visima virefu vya tambarare kati ya wilaya za Arumeru na Hai, mahali penye floraidi kidogo, na maji yanasukumwa kwa pampu kupanda tena mlimani yalikotoka. Hilo linapunguza mvutano wa chemchemi za juu, na kuongeza gharama ya umeme. Lakini maji ya chini ya ardhi ya tambarare hiyo na chemchemi zinazolisha Kikuletwa hazina ukuta kati yao. Kwa hiyo vibali vya visima hivyo vinatolewa na bodi ileile ya Moshi, katika daftari moja na vya miwa, mpunga, mifereji na mitambo ya umeme. Majitaka ya mji huishia kwenye mabwawa mapya ya Terrat, kusini mwa Arusha, ambako wakulima wa tambarare walikuwa na desturi ya kumwagilia kwa maji yoyote yanayotoka mjini, na ambako sasa suala la kibali na zamu linaanza upya.